Waya Uliokunjwa Nyuma ya Soketi

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Shaabani, baada ya adhana ya alasiri, ndugu zangu, nyumba ya bwana mmoja ilipobadilika.

Bwana huyu alikuwa na mke aliyezeeka naye, na jokofu linalotekenya. Ukigusa mlango wake, vidole vinakufa ganzi. Wakazoea. Wakaweka kandambili mbele yake, na kila mgeni akaambiwa, "Vaa kwanza."

"Baba Rukia," mkewe alimwambia, "jokofu lako limenishika mkono tena. Wewe mwenyewe hunishiki siku hizi."

"Kandambili si nimekuwekea?"

"Na fundi?"

"Taa si zinawaka, Mama Rukia? Tumwite baada ya Idi."

Wakacheka wote wawili.

Siku ile mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutia udhu. Jirani akabisha hodi: mtoto wake ana homa, anaomba barafu ya kumkanda. Jamani, mama mwenye huruma atasimama kutafuta kandambili? Alikwenda na miguu imelowa. Bwana alisikia bakuli likianguka. Alipozima swichi kubwa na kumfikia, mkewe alikuwa ameshakwenda.

Baada ya matanga fundi aliifungua ile soketi ya jokofu.

"Umeme ulikuwa unavuja kwenye bati la jokofu, mzee. Waya wa ethi, huu wa kijani, kazi yake ni kuupeleka ardhini."

"Kumbe sisi hatukuwekewa?"

Fundi akainamisha kichwa. "Mmewekewa, mzee. Umetoka ardhini mpaka hapa, mzima. Aliyefunga soketi aliukunja tu humu nyuma. Hakuukaza kwenye skrubu yake."

Bwana akaushika ule waya, akaunyoosha polepole, kama mtu anayepapasa nywele za aliyelala. Akasema, "Ulikuwa karibu hivi?"

Ndugu zangu, na sisi je? Waya ule hauwashi taa. Kazi yake ni kupokea kilichopotea njia na kukishusha chini kabla hakijamdhuru mtu. Nyumbani mwetu kazi hiyo ni ya neno "nisamehe". Tunalo, zima, tumelikunja kifuani. Badala ya kulisema tumefundishana kukwepana: baba akinuna, piteni uani; mama akinyamaza, msimguse. Tunaona chakula kinapikwa, watoto wanasoma, tunasema nyumba ni salama. Nani kati yetu anaijua siku ambayo mpenzi wake atapita bila kujikinga?

Basi leo, mwenye jokofu linalotekenya amwite fundi, aikague kila soketi. Na mwenye neno aliseme kabla ya kulala.

Ewe Mola wetu, warehemu wake zetu, waume zetu na wazazi wetu waliotutangulia. Yapanue makaburi yao, uyatie nuru. Na yale mema tuliyochelewa kuwatendea, watendee Wewe. Amin.