Kuku wa Kufungua Kinywa

Ting. Ting. Kijiko kiligonga kikombe cha bati gizani, kikanyamaza kidogo, kikagonga tena.

"Basi methali mnayoiuliza ilianzia kwenye sauti hiyo," alisema Bibi Namkunda huku akichambua maharage kwenye ungo. Mchana wa siku hiyo, wajukuu zake watatu walikuwa wamemsikia baba yao akimwambia jirani aliyeuficha ufa wa ukuta kwa chokaa mpaka ukuta wenyewe ukainama: mficha jino ataonyesha taya. Walicheka pamoja na wakubwa, ila hawakuelewa. Sasa walitaka kujua jino hilo lilikuwa la nani.

"Lilikuwa la Nanyori," alisema Bibi, na hivi ndivyo alivyowasimulia.

Nanyori alizaliwa chini ya Mlima Meru, mahali ambapo maji ya kunywa yana madini yanayoyapaka meno rangi tangu utotoni. Kwao kila mtu alikuwa na meno ya rangi ya majani ya chai, kwa hiyo hakuna aliyeyaona, kama vile mtu asivyoiona pua yake. Nanyori alikuwa akicheka kwa kinywa kizima. Mbonea, kijana wa Kipare aliyekwenda huko kuchuma kahawa, alimpenda kwa kicheko hicho, akamwoa, akampeleka kwao Ngofwe, kijiji cha milimani.

Siku ya kupokelewa, shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake, na mnajua mnong'ono wa shangazi husikika ng'ambo ya mto: "Sura anayo, ila hayo meno! Kwao hakuna miswaki?"

Nanyori akafumba kinywa. Baada ya siku tano Mbonea aliondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, alikokuwa amejiandikisha kwa kazi ya miezi tisa. Pale Ngofwe hakubaki mtu aliyewahi kukisikia kicheko chake.

Sasa, Ngofwe walikuwa na desturi yao. Bibi harusi hakuzungumza mbele ya mama mkwe. Alishika pindo la kanga mdomoni, akajibu kwa kichwa, mpaka mama mkwe alipomletea kuku wa kufungua kinywa. Akishapokea kuku, aliishusha kanga, akacheka, wakala pamoja, na tangu siku hiyo akawa mtoto wa nyumba.

Bi Nakiete, mama yake Mbonea, alimletea tetea mweupe siku ya saba. Nanyori alimpokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akairudisha kanga mdomoni.

Wanawake wakatazamana.

"Kuku hakumtosha," alisema jirani mmoja.

"Amezoea ng'ombe huyo. Mpe mbuzi uone."

Bi Nakiete alikuwa mjane mwenye mbuzi wawili tu. Hata hivyo, mwezi wa pili alimfunga mmoja kamba, akamleta mlangoni kwa mkwewe. Nanyori alilia kwa aibu nyuma ya kanga. Alitaka kusema, mama, sitaki mbuzi. Lakini kusema ni kufungua kinywa, na kufungua kinywa ni kuonyesha meno. Akapiga goti tena, akanyamaza.

Tangu hapo nyumba ikawa baridi. Chakula chake kiliachwa jikoni kimefunikwa. Akifika kisimani, mazungumzo yalikatika, ndoo zikajaa kimyakimya. Jioni alikwenda nyuma ya nyumba kumsalimu mbuzi kwa lugha ya kwao, akimuuliza habari za nyumbani, kisha akijijibu mwenyewe. Mbuzi ndiye pekee aliyeyajua meno yake.

Kisha gego la chini, upande wa kushoto, likaanza. Kwanza lilishtuka kwa maji ya baridi tu. Baadaye likaanza kupwita usiku, kana kwamba kuna mtu anatwanga ndani ya sikio. Alitia karafuu kwenye tundu lake, akapata nafuu ya saa moja. Nyumba yote ikishalala, alikoroga chumvi kwenye maji ya vuguvugu, akasukutua polepole ili asisikike akitema.

Lakini alisikika. Naetwe, mjukuu wa Bi Nakiete, mtoto wa miaka sita, alikuwa amepewa kulala naye, maana bibi harusi hakuachwa peke yake. Aliamka kwa ule mlio wa kijiko.

"Shangazi, unakunywa chai?"

"Lala, mwanangu," Nanyori alijibu gizani. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mtu wa nyumba ile tangu Mbonea aondoke, na aliyasema mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona.

Wiki ya tatu maumivu yakakoma ghafla. Nanyori alimshukuru Mungu. Hakujua kwamba jino likifa huacha kulia, lakini usaha wake hauachi kutembea. Baada ya siku nne shavu liliumuka kama andazi, homa ikapanda, taya likakaza. Alipojaribu kunywa uji, kijiko hakikupita.

Asubuhi hiyo hakutoka kufagia. Jirani yule yule akachungulia uani. "Mkweo bado amelala?"

"Sasa atakuwa anataka ng'ombe!" alisema Bi Nakiete, akaubamiza ungo chini. "Leo atanieleza. Nimemkosea nini mimi?"

Akaingia chumbani bila hodi. Nanyori alikuwa ameelekea ukutani, kanga imemfunika mpaka machoni.

"Wewe binti! Nimekupa kuku, nimekupa mbuzi. Bado nini? Niuze nyumba?"

Nanyori akazidi kujikunyata.

"Kama umetuona maskini, sema. Si dhambi kusema."

Naetwe, aliyekuwa amekaa kitandani, akasema, "Bibi, hawezi kusema. Usiku anakunywa chumvi."

Bi Nakiete akaivuta kanga. Alilokuwa amekuja nalo moyoni likamponyoka. Upande mmoja wa uso ulikuwa umepotea kwenye uvimbe, mwekundu, unang'aa, ukishuka hadi shingoni.

"Mama yangu! Fungua kinywa nione."

Nanyori akajaribu. Kilifunguka upana wa kidole tu, na kwenye upenyo huo mdogo meno ya rangi ya chai yakaonekana. Akayafumba macho badala ya kinywa.

"Niliogopa mtanicheka, mama," alisema kwa taabu, sauti ikipitia puani.

Bi Nakiete akaketi sakafuni pale pale. "Na mimi nilidhani unanicheka mimi. Miezi mitatu yote, mwanangu!" Kisha akainuka na kupiga yowe la kuita wanaume waje na machela.

Walimbeba mwendo wa saa nne hadi zahanati ya bondeni. Tabibu alimchoma sindano, akapasua chini ya taya kuutoa usaha, akang'oa gego. Alipokwisha alinawa mikono, akamgeukia Bi Nakiete.

"Lingeletwa likishtuka kwa maji baridi, ningeliziba, mkarudi nyumbani mchana huo huo. Lingeletwa lilipoanza kupwita usiku, hospitali kubwa wangeweza kuusafisha mzizi, likabaki. Sasa limekwenda, na mngengoja mpaka kesho, uvimbe ungemziba koo."

"Na hiyo rangi, tabibu?" aliuliza Bi Nakiete kwa sauti ya chini.

"Hiyo ni maji ya kwao. Si uchafu, na haiambukizi mtu."

Taya lilichukua wiki nyingi kulegea. Tabibu aliagiza mazoezi: kufungua kinywa kadiri kinavyokubali, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Nanyori aliona haya kuyafanya, kwa hiyo Bi Nakiete alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akafungua cha kwake, mapengo yote nje. Wakawa wanapanuliana vinywa kama makinda ya ndege. Siku ya tisa Nanyori alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha upande mmoja.

Hata hivyo kovu halikuondoka. Lilibaki chini ya taya, jeusi, limekunjamana, na upepo wa baridi ukivuma lilimuuma. Kila mgeni aliliona kabla hajamwona yeye. Zile siku za kuongea na mbuzi pia hazikurudishwa. Mbonea alipokuja kutoka mkonge alimkuta mke anayenyamaza katikati ya sentensi, kama anayesikiliza iwapo bado anaruhusiwa kusema.

Siku moja kisimani, mgeni alimuuliza habari ya kovu. Nanyori akainamisha kichwa. Bi Nakiete akatua ndoo yake.

"Aliogopa tuone jino," alisema. "Nasi hatukumuuliza kwa wema hata mara moja. Mficha jino ataonyesha taya."

Wanawake waliyachukua maneno hayo pamoja na maji yao, yakafika kila nyumba, yakavuka milima.

Bibi Namkunda aliuweka ungo chini. "Basi mkimwona mtu amefunika kinywa, muulizeni taratibu. Na mkiwa ninyi ndio mmefunika, kumbukeni: mficha jino ataonyesha taya."

Wajukuu wawili wakubwa waliitikia kwa kichwa. Kadeghe, mdogo wao wa miaka mitano, alisogea mpaka kwenye goti la Bibi.

"Bibi, jino langu linauma."