Kiti cha Tamasha Kiende kwa Nani?

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani hii hii ya mabati na vipaza sauti, palikuwa na miji mitano iliyopenda mashairi kuliko pilau. Wewe unacheka? Cheka tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, miji hiyo ilikutana kwa tamasha. Kila mji ulileta shairi moja, na shairi bora lilipewa kiti.

Kiti! Mnasikia kiti, mnafikiria kigoda cha jikoni. Hicho kilikuwa cha mpingo, kina mikono na mgongo. Na kilikuwa na desturi yake. Mshindi alikiweka mlangoni kwake mwaka mzima, na darasa la mashairi la mji wake lilikifuata. Kiti kikikaa kwako, ubao na chaki na wanafunzi vinahamia kwako, na saa za kusoma unapanga wewe. Shikeni hilo, maana ugomvi wote umetoka hapo.

Sasa, katika mji wa Mtondoni aliishi mama mmoja, Bi Siwatu, mkaanga maandazi. Hajui kusoma, hajui kuandika, lakini ulimi anao! Akigeuza andazi, anatoa ubeti. Akiopoa andazi, anatoa mwingine. Wateja wanakula, wanacheka, wanakwenda zao. Kesho ukimwuliza, "Bi Siwatu, ule wa jana ulikuwaje?" anakujibu, "Wa jana umekwenda na maandazi ya jana." Msidhani alifurahia. Alitamani kujua kuandika mpaka roho ikamuuma. Lakini darasa lilikuwa asubuhi, ng'ambo ya mto, na asubuhi mafuta yake yako motoni. Miaka kumi na miwili ya darasa hilo, hakuwahi kulikanyaga.

Darasa lilikuwa barazani kwa Mwalimu Hiza, kwa sababu Mtondoni haikuwahi kushinda kiti. Wanafunzi wake walipita kwa Bi Siwatu kununua maandazi, wakafika darasani midomo inang'aa mafuta na vichwa vimejaa beti. Huyu ana mstari, yule ana nusu mstari, mwingine ana kina tu! Mwalimu akaandika. Palipo na pengo, akaziba. Mizani ilipopungua, akaongeza. Ilipozidi, akapunguza. Mwaka mzima, jamani! Mwisho akapata shairi la beti sita, akalitilia kiitikio chake. Kiitikio hicho akakiandika mara moja tu, chini kabisa ya karatasi, maana kinarudiwa kila ubeti. Wala hakumwambia Bi Siwatu. Eti atamshangaza siku ya tamasha.

Siku yenyewe ikafika, na sauti ya mwalimu ikakauka kabisa. Akamwendea Fundi Mshamu, mshona nguo wa sokoni, ambaye akiimba dukani hata cherehani tatu hazimzidi.

"Fundi, nakuomba unighanie."

"Lete karatasi, mwalimu, wewe kakae."

Fundi akaitia karatasi mfukoni mwa shati, akaenda zake uwanjani. Njiani mvua ikamkuta. Alipopanda jukwaani na kuikunjua, loo! Beti zote zipo, lakini chini ya karatasi wino umekuwa dimbwi. Kiitikio hakisomeki. Watu wamejaa, wanamtazama. Angeshuka? Nani, Mshamu? Akapiga moyo konde, akaanza:

*Jua halijaamka, nami tayari jikoni,*
*Unga umeshaumuka, moto wacheka mekoni,*
*Watu wanamiminika, wana njaa matumboni,*
*Nani ataniandika, nibaki ulimwenguni?*

Mstari huo wa nne kautunga pale pale, amesimama, shati linachuruzika maji. Uwanja ukalipuka. Kila ubeti ulipofika mwisho, watu wote wakaitikia naye. Waamuzi wakafuta macho kwa leso. Mtondoni ikashinda, mara ya kwanza tangu tamasha lianze.

Na Bi Siwatu? Alikuwa nyuma kabisa, na karai lake, anauza. Analia, anapiga vigelegele, anamwambia jirani yake, "Aliyetunga haya Mungu ampe umri mrefu, kanisema mimi mtupu!"

Jirani akamkazia macho. "Bi Siwatu, si maneno yako haya?"

Akasikiliza ubeti wa tano, ule wa andazi lililoungua siku ya harusi ya mpwa wake. Yalaa! Akaacha karai likitoa moshi, akatimua mbio mpaka jukwaani.

Mwenyekiti wa tamasha, Bi Kidawa, alikuwa ameshashika kipaza sauti. "Shairi moja, kiti kimoja, mlango mmoja," akasema. "Mwenye shairi ni nani?"

"Mimi!" wakajibu watatu kwa pamoja.

Bi Siwatu akaanza, anahema. "Moto ni wangu, unga ni wangu, na andazi lililoungua ni langu. Kiti kikija kwangu, darasa nitalipanga alasiri, mafuta yakishapoa, nami nijifunze kuandika. Nina miaka hamsini na tisa, Bi Kidawa. Nikikikosa leo, nitakingoja mpaka lini?"

Mwalimu Hiza akajibu kwa sauti iliyokwaruza. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini maneno uliyatupa, mimi nikayaokota. Bila kalamu yangu leo yangekuwa wapi? Tena nina wanafunzi arobaini ng'ambo ya mto. Asubuhi wanasoma, alasiri wanachunga ng'ombe. Saa zikihama, nimewapoteza."

"Si ungeniambia!"

"Nilitaka kukuambia leo."

"Leo nimeshajiambia mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, hata mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akakohoa.

Fundi Mshamu akaingilia. "Basi nyinyi mlishinda kwa karatasi iliyolowa? Waulizeni waamuzi, walilia wapi?"

Waamuzi wakasema, "Kwenye kiitikio."

"Haya! Kiitikio hicho ni changu, neno kwa neno. Na pale sokoni kwangu kuna watoto wa wachuuzi hawajawahi kusomeshwa ubeti hata mmoja. Nao si watu?"

Bi Kidawa akamgeukia Bi Siwatu. "Sema kweli, mama. Kiitikio ni chako?"

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Lakini akasema, "Sikuwahi kukitamka. Ila ndicho nilichotaka kusema maisha yangu yote."

Fundi akainamisha kichwa, akasema polepole, "Na mimi nilikitunga nikikutazama wewe, bibi, kule nyuma."

Mtu mmoja akapiga kelele, "Wagawane, miezi minne minne!" Bi Kidawa akatikisa kichwa. Kanuni ya tamasha ilikuwa wazi. Kiti kikihamishwa kabla ya mwaka kwisha, kinarudi kwa mji ulioshinda mwaka jana, na Mtondoni inabaki mikono mitupu.

Wachukuzi walikuwa wameshakiinua, mishipa ya shingo imewatoka. "Bi Kidawa, kizito hiki! Tunakwenda upande gani?" Bi Kidawa akawageukia wale watatu. Mwalimu Hiza kaelekea mtoni. Fundi Mshamu kaelekea sokoni. Bi Siwatu hakuelekea popote. Alisimama pale pale, anafuta unga mikononi, hamtazami mtu, anakitazama kiti tu.

Mimi yangu nimemaliza, na msinikodolee macho, maana nimeliuliza swali hili vijiji vingi na kila kijiji kimegombana. Semeni nyinyi upesi, wale wachukuzi mikono inawatetemeka: wakishushe mlangoni kwa nani?