Winchi na Mgongo wa Baba

Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliotunga methali hii bila shaka walikuwa na chawa wao, maana walielewa jambo moja: chawa hafi kwa nguvu. Mwenye kidole kinene kama mchi atamsukuma huku na huko mpaka achoke mwenyewe. Chawa anataka kucha mbili zikutane. Yupo mama mmoja aliyelijua hilo vizuri kuliko watu wote ninaowafahamu, nami namvulia kofia mpaka leo.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji wao walipita mikononi mwake, na wote waliikumbuka sauti yake ikisema, "Mkanda kwanza, ufunguo baadaye." Siku ya ajali hakuwa kwenye usukani. Alikaa kiti cha nyuma, mkewe mbele, na aliyeendesha alikuwa mwana wao mkubwa, fundi cherehani, mtu mpole asiyeinua sauti hata akichomwa na sindano. Kwenye makutano ya barabara, lori lililokatika breki likawagonga. Mama alijikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Baba alirushwa mbele, na pingili moja ya uti wa mgongo, sehemu ya chini, ikapata ufa. Fundi alitoka garini kwa miguu yake mwenyewe, bila hata mchubuko usoni.

Hilo ndilo lililomuudhi mdogo wake. Huyu alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, na kwa misuli yake watu walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Hakuwemo garini, lakini hukumu alikuwa nayo tayari.

"Mama kavunjika mkono, baba kavunjika mgongo, yeye kapona kama yai ndani ya pamba," alisema. "Dereva gani huyo?"

Tangu hapo hakumsemesha kaka yake.

Baba aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa masharti. Alale bila kuinuka mpaka ufa uunge, na ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda vya kulala. Muuguzi aliwaonyesha namna ya kumgeuza. Watu wawili wasimame upande mmoja wa kitanda, mmoja ashike bega na nyonga, mwingine kiuno na goti, mikono yao ipishane katikati. Kisha wavute kwa pamoja, mwili uje wote kama gogo.

"Mkimsokota kidogo tu," muuguzi alionya, "ufa unaweza kuhama, na asitembee tena."

Mama, mkono wake ukiwa kwenye plasta, hakuweza kushika kitu. Basi akawa msimamizi. Aliwaambia wanawe, "Mje wawili au msije." Wakaja. Walimgeuza baba yao bila kutazamana, kama abiria wawili waliogombania kiti.

Mchana mmoja Fundi alichelewa. Baba alikuwa amelowa jasho, shuka limemganda mgongoni, naye Mama alikuwa uani akianua nguo kwa mkono mmoja. Winchi akatazama mlango, akatazama kitanda.

"Baba, kwani una uzito gani? Mimi nabeba magunia mawili kwa mpigo."

"Msubiri kaka yako, mwanangu."

"Nimsubiri huyo?"

Akamshika bega, akavuta. Mabega yalikuja, nyonga zikabaki. Yowe alilopiga Baba lilimtoa Mama uani mbio, kibanio cha nguo kikiwa bado mdomoni.

"Miguu," Baba alisema, akitetemeka. "Siisikii miguu yangu."

Walimrudisha hospitali. Winchi, mwili wote ule, alikaa kwenye benchi la korido na kulia kama mtoto. Mungu hakumwacha. Ganzi iliondoka, na picha zikaonyesha kwamba ufa haukuhama. Daktari hakuwaficha: "Mmeponea chupuchupu. Safari nyingine hamtakuwa na bahati hii."

Sasa msikilizeni Mama. Mwingine angemfukuza kijana yule chumbani, au angemsimanga mpaka uzeeni. Yeye, waliporudi nyumbani, alimwita pale pale kitandani na kumwambia ashike kiuno na goti.

Winchi alirudi nyuma. "Mama, hii mikono siiamini tena."

"Ndiyo maana nimekuwekea mingine miwili," Mama alijibu. "Shika."

Fundi akainama kushika bega na nyonga. Mikono ikapishana. Shati lake lilifunguka kifungo, na Winchi akaona, kuanzia begani kushuka kifuani, mchirizi mpana wa damu iliyovilia, zambarau ikianza kugeuka njano. Akaona na jambo jingine. Mama alipomwita, Fundi aligeuka mwili mzima, kwa sababu shingo ilikataa.

Walimlaza Baba ubavu, salama. Hapo Winchi akanong'ona, "Kaka, hiyo nini?"

"Mkanda wa gari. Ulinibana."

"Na shingo?"

"Ilitupwa mbele na nyuma. Imekaza, itapona."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Baba, uso wake ukielekea ukutani, alisikia yote.

"Alama hiyo ndiyo iliyomrudisha kaka yako nyumbani," alisema. "Mimi sina alama. Nilifungua mkanda niokote kikapu cha mama yenu kilichodondoka. Mimi, mwalimu! Kama una hukumu, ilete huku."

Winchi hakuwa na hukumu. Alikuwa na machozi tu. "Nisamehe, kaka."

"Weka mto kwanza," Fundi alisema. "Baba asirudi chali."

Tangu siku ile kazi ilikwenda kama maji. Mama aliiba maneno ya mumewe ya kufundishia udereva, akasimama miguuni pa kitanda na kuamrisha, "Kioo... ishara... ingia!" Nao wakaingia pamoja, huku mgonjwa akilalamika kwamba wamewasha ishara upande usio wake.

Hata siku ikafika Baba akaruhusiwa kusimama. Walimfunga mshipi wa mgongo, wanawe wakampitishia mikono kiunoni, ikapishana kama ilivyozoea. Alivuta mguu mmoja, akavuta wa pili, mpaka akafika mlangoni, jasho linamtiririka na uso unang'aa. Jirani mmoja akapiga vigelegele, akauliza, "Jamani, nani kamsimamisha mzee?"

Winchi alimnyooshea kidole kaka yake. Fundi alimnyooshea kidole mdogo wake. Mama, plasta imeshatolewa, akavikamata vidole vyote viwili kwa mkono ule ule uliovunjika, akavibana pamoja.

"Hivi," alisema.

"Kwa hiyo chawa ndiye mimi?" Baba akauliza.

Wakacheka mpaka ikabidi wamkalishe asianguke. Ila hakuna aliyebisha, hata Winchi mwenye nguvu za magunia mawili: kidole kimoja hakivunji chawa.