Mkeka wa Bibi Nakiete

Paukwa! Mbona "Pakawa" yenu imelegea? Na wewe hapo unayebetua mdomo, najua unachosema moyoni: mkeka hausemi. Huu ulisema, na mtu mzima akaona aibu. Paukwa tena. Pakawa! Haya, hivyo.

Zamani sana, katika kijiji cha milimani ambacho jina lake halikuhusu, alikuwako Bibi Nakiete, mjane, msukaji wa mikeka. Shamba lake lilikuwa mdomoni mwa mfereji. Maji yalipita kwake kwanza. Shemeji yake Mrutu alilitamani tangu siku kaka yake alipozikwa.

Ugonjwa ukamwingia Nakiete polepole, nya, nya, nya, kama mchwa. Ulimi ukawa mzito. Kisha vidole. Akajua unakokwenda, maana mama yake alikaa miaka miwili akili imo na mdomo umefungwa, hata kiu hawezi kuisema.

Akashika ukindu, akasuka. Mke mwenzake, Nambike, aliyegombana naye miaka ishirini, akamuuliza mgonjwa anasuka mkeka wa nini.

"Nasuka maneno," akasema Nakiete, ulimi ukiburuta. "Kaa ujifunze."

"Kwako wewe?"

"Unayajua mabaya yangu yote. Hutanisingizia mema."

Kila ukili, ule utepe wa kusuka, ulikuwa na neno lake. Mwekundu, maumivu. Wa manjano, maji. Wa mistari, mlango. Mweusi, hapana. Mweupe, ndiyo. Nambike anapitisha kidole, swii, swii. Kikifika kwenye neno, Nakiete anafumba macho. Si kupepesa, kufumba. Wakafanya hivyo kila siku, mpaka wanawake wapitao kuchota maji nao wakajua. Walicheka, lakini walijua.

Sauti ikakatika. Mikono ikafuata.

Hapo Mrutu akaitisha baraza uani kwa Nakiete. Sheria yao ilikuwa hii: mwenye mali aulizwe mara tatu, asipojibu, ameridhia. Waliotunga sheria hiyo wote walikuwa na ndimi nzima.

"Shemeji, unaniachia shamba?"

Kimya.

"Unaniachia?"

Kimya.

Nambike akautandika mkeka mbele ya Nakiete, akawatajia wote neno la kila ukili. Mrutu akacheka, akasema kidole ni cha Nambike, basi na jibu ni la Nambike. Wazee wakaguna, hata wao waliona ana hoja. Nambike akaurudisha mkono. Akakunja kidole chake.

"Pitisha chako, shemeji."

Mrutu akainama. Swii, mwekundu. Macho wazi. Swii, wa manjano, swii, wa mistari. Wazi. Akauruka mweusi, akatua kwenye mweupe, akangoja. Akangoja sana. Macho wazi, machozi yanatiririka, hafumbi. Akarudi mwanzo, swii, akauruka tena.

"Umeruka mmoja," mwanamke mwenye mtungi akasema taratibu.

Baraza zima lilikuwa limeona. Mara ya tatu kidole hakikuruka, kikagusa mweusi.

Nakiete akafumba.

Wazee wakasema shamba ni lake, na kimya cha mgonjwa kisihesabiwe tena kabla ya kutandikwa mkeka. Lakini Nakiete alikuwa bado anautazama. Nambike akapitisha kidole.

"Anasema nini tena?" akauliza Mrutu.

"Mlango. Anataka mtoke."

Asiyeweza kusema hajakubali. Mwulizeni kwa njia anayoiweza, na njia hiyo itengenezeni mapema, ulimi ungalipo. Hadithi yangu ukili wake umeishia hapa. Wewe mwenye mdomo, usiniulize kama ni kweli. Natoka, na mlango naufunga mwenyewe.