Bi Pimbi na Ukuta Unaoota

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nyumba. Ndani mna watu?
Mna watu!
Wanapumua?
Wanapumua!
Basi vuteni pumzi, niwasimulie.

Hapo kale Bi Pimbi, mdogo kama kikapu, aliishi na binti yake Tumu. Jirani yao alikuwa Bwana Kiboko. Kiboko alijenga ghala la viazi, akalibana kwenye ukuta wa Bi Pimbi. Madirisha yakazibwa. Maji ya paa la ghala yakadondokea ukutani, to, to, to. Ndani kukanuka uvundo. Ukuta ukaota ukungu, mweusi huku, kijani kule. Tumu akakohoa: kho! kho! kho!

“Jirani,” Bi Pimbi akasihi, “sogeza ghala. Mwanangu hapati hewa.”

“Jua langu! Upepo wangu! Potea!”

Akasihi mara ya pili.

“Jua langu! Upepo wangu! Potea!”

Usiku ule Tumu alikohoa mpaka akatapika. Bi Pimbi alimpapasa mgongo, machozi yakimlengalenga. Kulipokucha alimpeleka kwa shangazi yake, akarudi, akatundika pazia mlangoni, akaanza kuimba.

“Unaimba nini?” Kiboko akauliza.

“Pita zako, Bwana Kiboko. Ukuta wangu umeota.”

“Umeota nini?”

“Leo kijani. Kesho majani. Keshokutwa, sijui... viazi?”

Kiboko akachungulia. Kweli, kijani tupu! Mate yakamtoka, churuzi.

“Nipe nyumba hii!”

“Mimi nikalale wapi?”

“Kwangu!”

“Na ghala?”

“Chukua na ghala!” Majirani wote wakasikia.

Kiboko akaingia, akafunga mlango asiibiwe mavuno. Siku ya kwanza: kho! Siku ya pili: kho! kho! Siku ya tatu pua ikamwasha, akavuta pumzi, akavuta, akavuta...

CHAAAFYAAA!

Madirisha pwaa! Ghala puu! Viazi vikabingirika kijiji kizima. Jua likaingia, na Kiboko akajiona: hana kiazi hata kimoja, ana pua ya kijani.

“Bi Pimbi, nirudishie nyumba yangu!”

“Nitakurudishia. Kwanza ziba panapovuja. Sugua ukuta kwa sabuni. Ukauke kabisa. Anika magodoro. Na hapo dirishani pasijengwe tena.”

Kiboko akasugua, swa, swa, swa, siku nne, madirisha wazi, upepo ukipita vuu. Tumu akarudi, akavuta pumzi ndefu, akacheka. Hakukohoa.

“Na viazi vyangu?” Kiboko akauliza.

“Umedai nyumba,” Bi Pimbi akasema, sufuria likichemka. “Ghala ulinipa mwenyewe. Lakini kaa, jirani, ule kimoja.”

Majirani wakala, wakacheza, na Kiboko akacheza nao, akipiga chafya kwa mdundo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Iliyemkolea aende nayo nyumbani, iliyempooza aniachie niipashe moto.

Na funzo? Ukungu ukiota kwako, usihangaike na sabuni wala dirisha. Tafuta jirani mlafi mwenye pua kubwa.