Ndama Mmoja kwa Waliomtoa Gwamaka Shimoni

Hapo zamani, ila si zamani za babu zetu, kule Rungwe kwenye mvua na migomba, watu walianza kupikia gesi itokayo kwenye samadi ya ng'ombe iliyovundikwa shimoni. Moshi ukatoweka jikoni, akina mama wakaacha kukohoa, miti ikapona panga. Ilikuwa neema. Lakini gesi hiyohiyo inayoivisha maharage humuua mtu akiivuta shimoni.

Gwamaka alikuwa fundi wa mashimo hayo, pamoja na Ambakisye, rafiki yake wa tangu utotoni. Msimamizi wao alikuwa Subilaga, mwanamke asiyetaka mzaha kazini.

Siku moja walikwenda kusafisha shimo la Bibi Atupele, mjane mfugaji. Walilifunua, wakaliacha lipigwe na hewa, kisha Gwamaka akataka kushuka.

"Kamba kwanza," akasema Subilaga.

"Dada, nakomba tope tu. Unanifunga kama mbuzi wa sikukuu?"

"Hufungwi, hushuki."

Akafungwa huku akinung'unika. Subilaga akaenda barabarani kupokea mabomba.

Gwamaka akakomba, akakomba, kisha kimya. Tope lililokorogwa lilikuwa limeachia gesi. Ambakisye akachungulia, akamwona mwenzake amelala chini.

"Gwamaka! Nakuja, ndugu yangu!"

Alikuwa ameshaingiza miguu shimoni Bibi Atupele alipomkamata kiunoni, wakaanguka wote nyuma.

"Niache, bibi! Anakufa!"

"Ukiingia mtakufa wote! Kamba si hiyo? Vuta!"

Ambakisye akavuta. Kamba ikakwama ukingoni, akavuta. Ngozi ya viganja ikachunika, akavuta. Gwamaka akatoka amelegea kama nguo mbichi. Wakampepea, wakamwita jina lake, mpaka akakohoa. Akakimbizwa zahanati, akapona.

Ndipo mama yake Gwamaka akaja kwa Bibi Atupele akiswaga ndama jike, machozi ya furaha yakimtiririka. Akawakuta bibi, Subilaga na Ambakisye, wote watatu.

"Wanangu, na wewe dada yangu, asanteni. Nimerudishiwa mtoto. Ninaye ndama huyu tu, na hagawanyiki. Nimpe nani?"

Ambakisye akasema, "Mpe dada Subilaga, mama. Bila kamba yake ningevuta nini?"

Subilaga akatikisa kichwa. "Kufunga kamba ndiyo kazi yangu. Tena ni mimi niliyemruhusu kushuka kabla gesi haijaisha. Mpe Ambakisye. Hebu itazame mikono yake."

Bibi Atupele akacheka. "Mimi sitajifanya kukataa. Kama si mimi, leo tungekuwa na misiba miwili."

"Ni kweli," akasema Ambakisye taratibu. "Bibi aliniokoa hata mimi."

Mama akawakumbatia mmoja mmoja, kisha akabaki amesimama na ndama wake, akimtazama huyu, akimtazama yule.

Nanyi mnaonisikiliza, msinyamaze. Yuko aliyefunga kamba kabla hatari haijaonekana, yuko aliyezuia kifo cha pili, na yuko aliyevuta mpaka akachunika. Je, ndama alikuwa haki ya nani?