Barafu za Mtindi

Wahenga waliosema mwenye pupa hadiriki kula tamu hawakuwahi kuwa na friji. Hilaria alikuwa nayo, friji kuukuu aliyoikuta kwa mumewe mtaa wa Soweto, mjini Moshi, na bado methali ilimpata humo humo jikoni.

Mumewe, Rogath, alikuwa fundi wa magari aliyefiwa na mke na kuachiwa binti wa miaka saba, Mektrida. Mtoto hakuwa mtukutu. Kila asubuhi alimwamkia mama yake wa kambo shikamoo, kisha chakula akakiacha sahanini. Alizidi kukonda. Bibi yake, Kornelia wa Kirua Vunjo, mama wa marehemu, akasema Pasaka ikifika mtoto angali hivyo, atamchukua akamlee mwenyewe. Rogath alikubali. Hilaria alikuwa amekwisha kumpenda yule mtoto, na habari hizo zilimkata maini.

Ndipo aliposikia kwamba marehemu alikuwa akiwatengenezea watoto wa mtaa barafu za mtindi na pasheni. Hilaria alikulia Old Moshi, akijua fika kuwa maziwa hutiwa kibuyuni yakaachwa bila kuguswa mpaka yagande yenyewe. Lakini Pasaka ilikuwa mlangoni. Akayakamulia limau yakakatika papo hapo, akachanganya na pasheni, akafunga kwenye vifuko vya nailoni na kutia kwenye friza. Kesho yake jioni akawaita watoto wote wa majirani, akamweka Mektrida mbele yao.

"Onja, mwanangu. Ni kama zile za mama yako."

Mektrida aling'ata. Ilikuwa barafu ya maji yenye chengachenga za maziwa, chachu hadi jino likafa ganzi.

"Siyo," alisema polepole. Akaiweka mezani, akaenda kulala akilia. Hilaria naye alilia, maana alijua hakuharakisha maziwa tu, bali na mtoto.

Alinunua maziwa mengine, akayachemsha, akayapoza, akayamimina kwenye kibuyu na kukiweka juu ya kabati. Safari hii hakumwita mtu. Mektrida ndiye aliyekuja kuchungulia.

"Mbona hukorogi?"

"Yakiguswa kabla hayajaganda, yanakataa."

"Yatakaa mpaka lini?"

"Mpaka yatakapotaka yenyewe."

Tangu hapo kila akitoka shule alipita jikoni, akakitazama kibuyu, akaenda zake. Ulimi ulimwasha Hilaria amwulize hili na lile juu ya mama yake, lakini aliyameza. Mtindi ulipokuwa mzito, aliketi kukata pasheni. Mektrida akavuta kigoda.

"Mama alikuwa anachuja nusu. Mbegu zikizidi zinakwama kwenye meno."

Hilaria alimpa chujio, wakafunga vifuko pamoja na kuvitia kwenye friza. Mara umeme ukakatika, maana mgao wa miaka ile haukuwa na huruma. Hilaria akanyoosha mkono afungue friza aone kama zimeshika.

"Usifungue," Mektrida akamzuia. "Baridi itatoka."

Walitazamana, wakacheka, na jioni ile mtoto alimaliza sahani yake ya ndizi.

Siku ya Pasaka Bibi Kornelia aliingia na begi tupu la kutilia nguo za mtoto. Kabla hajaketi vizuri, Mektrida alimwamkia, akampa barafu. Mwenyewe alikuwa na nyingine mkononi, ameshaifyonza nusu.

"Onja, Bibi. Tumetengeneza sisi wawili."

Bibi akafyonza, akafumba macho. Huenda alimkumbuka binti yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nguo ziko tayari. Hilaria aliinamisha kichwa. Alikuwa na mengi ya kujitetea, lakini alimwachia mtoto ajibu.

"Leo siwezi kwenda, Bibi," alisema Mektrida. "Zilizoko chini kwenye friza bado hazijaganda."

Bibi Kornelia alimtazama Hilaria, akalikunja begi lake na kulitia kwapani.

"Basi msiifungue friza ovyo," alisema. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu."